Umeme wa Maganda: Tusidanganyane, Lakini Tusidharau



Wiki iliyopita kwenye grupu letu la vijana iliingia video ambayo nina uhakika wengi wenu mmeshaiona. Kijana kapanga ndimu kumi na mbili mezani, kachomeka misumari na vipande vya waya wa shaba, kaviunganisha, na kataa kadogo kakawaka. Chini yake pameandikwa kwamba Afrika haina sababu ya kukaa gizani wakati matunda yanaoza. Ndani ya nusu saa grupu lilichemka. Mmoja akasema tuiingize kwenye mapendekezo ya vijana kwa ajili ya ilani. Mwingine akasema "kumbe hawa jamaa walikuwa wanatuficha". Wa tatu akaandika kwa herufi kubwa: UMEME WA MAEMBE SASA!

Nilipouliza kama kuna mtu amepiga hesabu, niliitwa mpinga maendeleo. Sawa. Nimekuja kujibu huku, kwa utulivu na kwa urefu.

Mimi nasoma sheria, mwaka wa tatu. Fizikia niliiacha kidato cha nne na tuliachana kwa amani. Mahakama ninayoijua vizuri zaidi kwa sasa ni Mahakama ya Ndizi pale Mabibo, kwa sababu ndizi ndicho chakula boom langu linaloweza kukihimili mpaka mwisho wa mwezi. Ila suala hili linanigusa kuliko mnavyodhani, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni Muheza. Kwa wasiojua, ukoo wa mama yangu unaishi kwa machungwa. Msimu uliopita nilikwenda kumsalimia mjomba nikamkuta kakaa kwenye kigoda chini ya mchungwa, na machungwa yametapakaa chini mpaka huoni pa kukanyaga. Nzi wanavuma kama nyuki.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanasheria wangu. Karibu, kanyaga tu, hayo hayana mwenyewe."

Nikamuuliza kwa nini hachumi. Akacheka. "Nichume nimpe nani? Bei ya tenga haimlipi hata mtu wa kupanda mtini. Nikiyaacha yaoze, angalau sijaingia gharama."

Ya pili ni soko moja la matunda karibu na ninakoishi. Sitalitaja jina, kwa sababu mama aliyenisimulia anafanya biashara pale kila siku na sitaki apate shida. Pembeni ya meza yake kuna kichuguu cha maganda ya mananasi, maembe yaliyopondeka na ndizi zilizoiva kupita kiasi. Mvua ikinyesha maji meusi yanapita chini ya miguu ya wateja. "Mwanangu," aliniambia, "hela ya taka tunatoa. Gari likija tunashukuru, lisipokuja tunakaa nazo. Lakini mwenye kitabu cha risiti yeye hajawahi kukosa kuja hata siku moja."

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba yale machungwa ya mjomba na kile kichuguu vinaweza kutoa umeme, mimi wa kwanza kutaka iwe kweli. Ndiyo maana nilitaka kujua ni kweli kiasi gani.

Ndimu haitoi umeme

Nilimfuata rafiki yangu anayesoma uhandisi. Alikuja na mita ya kupimia umeme, tukanunua ndimu tatu, misumari ya bati na waya wa shaba. Ndimu moja ilitupa takriban voti 0.9. Nikashangilia. Akaniambia subiri, voti peke yake si umeme wa kutumia. Mkondo wenyewe ulikuwa kidogo mno, chini ya sehemu moja ya elfu ya ampea. Chaja ya simu ya kawaida inatoa voti 5 na ampea 1. Ukipiga hesabu unahitaji maelfu ya ndimu ili simu moja ichaji kama inavyochaji ukutani.

Halafu akanieleza kitu ambacho video haisemi. Nishati ile haitoki kwenye ndimu. Msumari wa bati umepakwa zinki, na zinki ndiyo inayoyeyuka polepole na kuachia elektroni zinazopita kwenye waya kwenda kwenye shaba. Asidi ya ndimu ni njia tu ya kukamilisha mzunguko. Weka siki badala ya ndimu, au maji ya chumvi, itafanya kazi vilevile. Zinki ikiisha, umeme umeisha, hata kama una shamba zima la ndimu. Na ile zinki kiwandani ilisafishwa kwa kutumia nishati nyingi kuliko itakayokurudishia mezani kwako.

Yaani tungeweka "umeme wa ndimu" kwenye ilani, tungekuwa tunawaahidi wananchi misumari.

Seli fueli ni habari nyingine

Ila msikimbilie kufunga ukurasa. Kuna teknolojia ya kweli ambayo inachukua nishati iliyomo ndani ya tunda lenyewe, yaani sukari yake. Inaitwa seli fueli. Tofauti yake na betri ni rahisi: betri imebeba chakula chake ndani na kikiisha inakufa, seli fueli unailisha kutoka nje na inaendelea kufanya kazi kadiri unavyoilisha. Wazo si geni. Mwanasayansi William Grove alitengeneza ya kwanza mwaka 1839 kwa kutumia hidrojeni na oksijeni, na vyombo vya Apollo vilivyopeleka watu mwezini vilitumia seli za namna hiyohiyo kupata umeme na maji ya kunywa.

Ya matunda inatumia bakteria. Mwaka 1911 mtaalamu wa mimea M. C. Potter wa Chuo Kikuu cha Durham alionyesha kwamba vijidudu vinapovunjavunja chakula, vinaweza kusukuma umeme kidogo. Utaratibu wake uko hivi. Unachukua chombo chenye vyumba viwili. Chumba cha kwanza unaweka uji wa taka za matunda na bakteria, halafu unaziba hewa isiingie. Bakteria wanakula sukari. Kwa kawaida kiumbe akila anahitaji oksijeni ya kupokea elektroni zinazobaki, kama sisi tunavyopumua. Hapa oksijeni hakuna, kwa hiyo bakteria wanazitua elektroni zao kwenye kipande cha kaboni kilichomo ndani. Kutoka hapo zinapita kwenye waya, zinawasha kitaa chako, zinaingia chumba cha pili ambako zinakutana na oksijeni na kuwa maji. Huo mpito kwenye waya ndio umeme.

Chuo kikuu kimoja cha Bristol, Uingereza, kimefika mbali kwenye hili, ila wao waliwalisha bakteria mkojo. Mwaka 2013 walichaji simu. Mwaka 2015 waliwasha taa za choo kwenye tamasha la Glastonbury. Na mwaka 2017 waliipeleka teknolojia hiyo hapa jirani, Kisoro nchini Uganda, kwenye shule ya wasichana, ili choo kiwe na mwanga usiku. Msichana yeyote aliyesoma bweni anajua choo chenye taa usiku maana yake nini. Sihitaji kueleza.

Kitu kilichonifurahisha zaidi ni kwamba watafiti hao waligundua ukuta wa kutenganisha vyumba viwili unaweza kuwa wa udongo wa kuchoma badala ya utando wa bei mbaya wa maabara. Udongo wa kuchoma ni chungu. Kaboni ni ndugu wa mkaa. Wafinyanzi tunao, mkaa tunao, taka tunazo.

Sasa hesabu, kwa sababu ndipo grupu letu liliponikimbia.

Seli hizi zikifanya vizuri maabara zinatoa kama wati 1 hadi 3 kwa kila mita moja ya mraba ya elektrodi. Kwenye taka halisi za sokoni huwa chini ya hapo. Tuwe wakarimu tuseme wati 1. Taa ndogo ya wati 5 inahitaji mita 5 za mraba. Hiyo inawezekana. Mashine ya kusaga ya kilowati 10 inahitaji mita 10,000 za mraba, ambazo ni zaidi ya uwanja wa mpira mzima. Na hapo umesaga unga tu, hujawasha friji la mtu.

Kuna na tabia ya matunda yenyewe. Yanapochacha yanatoa asidi, na asidi ikizidi bakteria wanazubaa. Ganda la chungwa lina mafuta yenye ile harufu kali unayoisikia ukilimenya, na mafuta hayo yanaua vijidudu. Kwa hiyo machungwa ya mjomba hayamwagwi tu kwenye pipa na kuachwa. Yanahitaji kukamuliwa mafuta kwanza, au kuchanganywa na samadi na taka nyingine.

Seli fueli ya bakteria kwa leo inafaa kuwasha taa ya choo, kuendesha kipimo kidogo cha maji, na kupunguza uchafu kwenye maji machafu huku ikitoa umeme kidogo. Hiyo ni kazi ya maana. Lakini kuwaambia watu wa Muheza kwamba itachukua nafasi ya TANESCO ni uongo, na sisi tumekuwa tukiwashutumu wenzetu kwa uongo wa aina hiyohiyo kila uchaguzi.

Tunda lilelile, njia nyingine

Habari njema ni kwamba bakteria wana njia ya pili, na hiyo imeshavuka maabara. Ukiacha taka zioze bila hewa ndani ya tangi, bila kuweka elektrodi yoyote, wanatoa gesi ya methani. Gesi hiyo unapikia au unaendeshea jenereta. Mabaki yake ni mbolea.

Mwaka 2021 kampuni ya maji ya jiji la Seville, Hispania, ilianza jaribio la kukusanya machungwa yanayoanguka barabarani, kuyachachusha na kutumia gesi yake kuzalisha umeme wa kuendeshea mtambo wa kusafisha maji. Walikadiria kwamba tani moja ya machungwa inatoa takriban yuniti 50. Chukueni namba hiyo mje nayo nyumbani. Fuso lenye tani 10 za matunda yaliyooza ni yuniti 500. Mteja mdogo wa TANESCO, yule wa bei nafuu, kikomo chake ni yuniti 75 kwa mwezi. Maana yake Fuso moja la takataka lina umeme wa mwezi mzima wa nyumba sita na ushei. Si utajiri wa kutisha, lakini si kitu cha kutupa jalalani na kulipia mtu akakitupe.

Na msiseme hiyo ni Ulaya. Hale, mkoani Tanga, mwaka 2008 Rais Kikwete alizindua mtambo wa kilowati 150 uliotumia mabaki ya mkonge. Hale si mbali na kwa mjomba. Naivasha, Kenya, kuna mtambo wa zaidi ya megawati 2 unaotumia mabaki ya mboga na mazao ya shambani, na umeme wake mwingine unauzwa kwenye gridi. Viwanda vyetu vya sukari miaka yote vinachoma makapi ya miwa kujipatia umeme. Kwa hiyo swali la "inawezekana?" limeshajibiwa. Swali lililobaki ni kwa nini mbolea, gesi na umeme vya soko letu vinaishia kwenye mtaro.

Hapa sasa naingia kwenye uwanja wangu.

Sheria zipo, zimelala

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 4, inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kifungu cha 5 kinampa njia ya kwenda mahakamani haki hiyo ikitishiwa. Ukishuka mpaka kifungu cha 114 unakuta serikali za mitaa zimepewa jukumu la kupunguza taka ngumu, ikiwemo kuweka utaratibu wa kuzitenganisha pale zinapozalishwa. Hili la kutenganisha ndilo moyo wa jambo zima. Maganda yakichanganywa na mifuko, chupa na betri za redio, hakuna bakteria wala tangi litakalokusaidia. Teknolojia yote niliyoieleza hapo juu inaanzia kwenye ndoo mbili: moja ya vinavyooza, nyingine ya visivyooza. Sheria ina zaidi ya miaka ishirini. Nionyesheni ndoo hizo sokoni kwenu.

Upande wa umeme nao, Sheria ya Umeme ya 2008 imewasamehe wazalishaji wadogo walio chini ya megawati 1 mzigo wa leseni, ingawa wanapaswa kujiandikisha EWURA. Kwa mtambo wa soko, huo ni mlango uliofunguliwa. Sheria ya Nishati Vijijini ya 2005 ilianzisha REA na mfuko wa kusaidia nishati vijijini, na mfuko huo unachangiwa na mwananchi kila anaponunua mafuta. Na mwaka 2024 serikali yenyewe ilizindua mkakati wa miaka kumi unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Mama lishe wa sokoni anapika kwa mkaa, hatua ishirini kutoka kwenye kichuguu cha gesi ambayo haijakusanywa. Mkakati gani utatufikisha 2034 kama hatuwezi kuvuka hatua hizo ishirini?

Kuna kesi moja ambayo kila mwanafunzi wa sheria ya mazingira hapa nchini anafundishwa, na ningependa kila kijana wa chama aijue. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Joseph Kessy na wenzake, walilishtaki Jiji la Dar es Salaam kwa kugeuza mtaa wao jalala. Moshi, harufu, nzi. Wakashinda. Jiji likaamriwa kuacha kutupa taka pale. Badala ya kutii, likawa linarudi mahakamani kuomba muda zaidi. Jaji Lugakingira alipolikatalia alishangazwa na jambo hilo: mamlaka ya umma inakwenda mahakamani kifua mbele kuomba ruhusa ya kuendelea kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Akaligusa hadi kwenye Ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi.

Ushindi mkubwa. Lakini angalieni kilichofuata. Taka zilihamishiwa Kunduchi Mtongani. Mwaka 1991 Festo Balegele na wenzake nao wakaenda mahakamani, nao wakashinda. Zikahamishwa tena, na tena. Leo ukiuliza taka za Dar zinakwenda wapi utaambiwa Pugu Kinyamwezi. Kwa zaidi ya miaka thelathini mahakama imekuwa ikilijibu swali la "zisitupwe wapi", na hakuna aliyelazimishwa kujibu swali la "kwa nini zitupwe". Mahakama inaweza kuhamisha jalala. Kulimaliza ni kazi ya siasa, na siasa ndiyo sisi.

Niongeze kwa wanaodhani tutakwenda mahakamani kirahisi kwa niaba ya soko lolote. Mwaka 2020, kupitia Sheria Na. 3 ya mwaka huo, yalifanyika mabadiliko yaliyomtaka mtu aliyefungua shauri la haki za msingi aeleze kwa kiapo namna alivyoathirika yeye binafsi. Mlango wa kumsemea jirani ulibanwa. Kwa hiyo kesi ya kesho ya taka ni bora ifunguliwe na yule mama mwenyewe, mwenye maji meusi chini ya meza yake. Kazi yetu ni kuhakikisha anajua kwamba anaweza, na kwamba akiamua hatakuwa peke yake.

Ganda likiwa hela, litakuwa la nani?

Hili ndilo linaloninyima usingizi, na sikuliona likitajwa hata mara moja kwenye ule mjadala wetu.

Leo taka ni mzigo. Kwa sababu ni mzigo, anatwishwa mnyonge: muuza ndizi analipia, mzoa taka mwenye mkokoteni anazibeba kwa mikono mitupu, mkazi wa karibu na jalala anazivuta puani. Siku taka zikianza kutoa umeme, gesi na mbolea, zitakuwa mali. Na tunaijua nchi yetu. Kitu kikishakuwa mali kinatangaziwa tenda. Atakuja mtu na kampuni iliyosajiliwa juzi, atapewa mkataba wa soko zima, ataweka geti. Yule kijana wa mkokoteni ataambiwa anaiba taka. Yule mama ataendelea kulipia uchafu wake uchukuliwe, halafu atauziwa umeme uliotokana nao.

Mnadhani natia chumvi? Jiulizeni ni mara ngapi mmeona eneo la wamachinga likiboreshwa, halafu wamachinga wenyewe hawamo.

Kwa hiyo kama vijana tunataka kuandika kitu kwenye mapendekezo ya ilani, tusiandike "umeme wa maembe". Tuandike haya, ambayo kila moja tunaweza kulitetea mbele ya mtu yeyote:

1. Kila halmashauri itekeleze wajibu wake wa kutenganisha taka, ianzie masokoni, kwa ndoo mbili na ratiba ya gari inayobandikwa ukutani. Gari lisipokuja, ada ya siku hiyo isidaiwe.

2. Kila soko kubwa la matunda lijengewe tangi la bayogesi, na gesi ianze na mama lishe wa hapohapo. Umeme uje baada ya gesi kuzidi, kwa ajili ya taa na majokofu ya kuhifadhia matunda yasioze kabla ya kuuzwa. Tusisahau kwamba tunda bora kuliko yote ni lile lililoliwa.

3. Ushirika wa wafanyabiashara wa soko na wazoa taka uwe na hisa kwa jina lake kwenye mkataba wowote wa taka. Na mkataba huo uwe wazi, ubandikwe sokoni kwa Kiswahili.

4. Seli fueli zipewe fedha ya utafiti kwenye vyuo vyetu, kwa shabaha ndogo na za kweli: taa za vyoo vya shule za bweni, vipimo vya maji, kusafisha maji machafu. Vyungu na mkaa viwe sehemu ya utafiti huo, ili fundi wa kijijini aweze kutengeneza kikiharibika.

5. Kwa Muheza na kwingine kunakooza matunda shambani, kwanza soko na viwanda vya kusindika. Mkulima hapandi mchungwa ili auze uozo. Mabaki ya kiwanda ndiyo yaende kwenye tangi.

Najua hoja itakayokuja. Mtasema hatuna wabunge wa kutosha wala madiwani wa kutosha, haya yote tutayatekeleza wapi? Najibu hivi: ndoo mbili hazihitaji mbunge. Nakala ya mkataba wa taka inaweza kuombwa na raia yeyote kwa barua, na ukinyimwa, kunyimwa huko ni habari ya kuandikwa. Mkutano wa mtaa una nafasi ya maswali. Hakuna kati ya hayo kinachosubiri uchaguzi.

Na kuna hoja nyingine, ya chinichini, kwamba nawavunja watu moyo. Rafiki mmoja aliniambia inbox: "Siasa ni matumaini, wewe unaleta mita." Nimeifikiria sana kauli hiyo. Mjomba wangu ameahidiwa kiwanda cha machungwa na watu wenye sauti nzuri tangu mimi sijaanza shule. Kila baada ya miaka mitano kinajengwa upya jukwaani na kubomoka siku ya kuapishwa. Tukienda kwake na ndimu kumi na mbili na kataa kadogo, atatukaribisha, atatupa machungwa tule, na hatatuamini tena. Tukienda na mita, tukamwambia "mjomba, hiki kinawezekana, hiki bado, na hiki tunakwenda kukidai", huenda asitupigie makofi. Lakini atatusikiliza.

Jumamosi hii mimi na rafiki yangu wa uhandisi tunakwenda kwa yule mama sokoni na ndoo mbili, chungu kimoja, mkaa na mita. Tutapima kinachotoka kwenye maganda yake kwa wiki tatu na namba nitazileta hapahapa, hata zikiwa za kuaibisha. Anayetaka kuja anakaribishwa, aje na glovu zake. Na yule aliyeandika UMEME WA MAEMBE SASA, wewe hasa nakusubiri, ndugu yangu. Tunahitaji mtu mwenye sauti ya kumwita mwenye kitabu cha risiti aje aone gari lake la taka limechelewa siku ngapi.

Naomba kuwasilisha.